Bangili ya Mkono wa Kulia

Bulu alikuwa amechoka. Amechoka kukamua mashuka ya nyumba ya wageni aliyoletewa kufua nyumbani, amechoka kuamka na kifundo cha mkono kinachomkata upande wa kidole kidogo, na zaidi ya yote amechoka kuambiwa anadeka. Siku hizi hata kuzungusha ufunguo mlangoni kulimtoa machozi.

Daktari Keya alimbonyeza chini kidogo ya kile kifupa kinachochomoza, akauinamisha mkono kuelekea kidole kidogo. Bulu akaruka kitini.

"Ndipo hapo. Kuna kinyama kinachofunga mifupa hii miwili, na kila ukikamua nguo unakisokota. Bado hakijachanika chote. Utavaa gango la kukishikilia kifundo wiki sita, utaweka barafu, na usikamue hata leso. Ukipuuza, dada, mkono huu hautashika hata kijiko. Lakini kwanza bangili itoke."

Ilikuwa bangili nyeupe ya kombe la baharini, aliyoivaa siku alipoolewa na Shubol. Walishajaribu sabuni, wakajaribu na mafuta ya haradali; mkono umevimba, haipiti. Kilichobaki ni msumeno.

Bulu akamtazama mama mkwe wake. Torulata alikaa pembeni na sari yake nyeupe ya ujane, mikono mitupu. Shubol alikuwa safarini na lori lake, huko kwenye milima ya Assam, na kwao bangili ya mke huvunjwa mume akishakufa. Mwaka mzima bibi huyu aliimba wimbo ule ule: vumilia, usimletee mwanangu nuksi. Na Bulu naye hakuwa shujaa. Aliogopa. Alitaka maumivu yaishe na alitaka mume arudi mzima, na hakujua kama anaruhusiwa kuvitaka vyote viwili.

"Tuache tu, mama," akasema. "Nitazoea."

"Utazoea nini?" Torulata akamkatiza. "Kijiko nitakushikia mimi?"

Akakisugua kifundo chake mwenyewe kama mtu anayewashwa.

"Bangili zangu hazikuwahi kupata hata ufa," akasema. "Nilikuwa nalala nimeikumbatia mikono yangu, nisije nikazigonga. Siku walipomleta baba yake Shubol amefunikwa shuka, zilikuwa nzima zote mbili. Nzima kabisa, mwanangu."

Daktari akajifanya anatafuta kitu mezani.

"Kata, binti," Torulata akamwambia. "Unangoja nini?"

Akamshika Bulu kiwiko mpaka kazi ikaisha. Unga mweupe wa kombe ulimwagikia sari yake na hakuupangusa. Vipande viwili akavifunga kwenye pindo la sari, wakatoka nje na gango jipya, polepole, kila mmoja na uchovu wake.

Njiani Bulu akakumbuka beseni lililowangoja nyumbani.

"Na yale mashuka, mama? Nani atakamua?"

"Mimi," akasema Torulata. "Mikono yangu haina tena cha kuvunjika."