Odval kwa Herufi Mbili

"Si ni jina hili hili?" alisema mzee Dashnyam, pua yake nusura iguse kioo cha kompyuta. "Yote mawili ni Odval. Unanichezea, mwanangu?"

Norjmaa alikuwa ameyaandika maneno mawili bega kwa bega, yakishuka kutoka juu kwenda chini kama maandishi ya kale ya Kimongolia yashukavyo, na hakuna jicho ambalo lingeyatofautisha.

"Kwa macho ni moja, baba. Lakini mashine haina macho. Kwa ndani kila herufi ina namba yake. Hapa mwanzoni mwa neno *o* na *u* tunazichora sawasawa, ila namba zao ni tofauti. La kwanza nimeliandika kwa *o*, la pili kwa *u*."

"Sisi tunasema Odval."

"Tunasema Odval. Kamusi huliandika kwa *u*."

Kwa miaka kumi na moja, katika ofisi ya chini ya ardhi jijini Ulaanbaatar, Norjmaa alikuwa akinakili kwenye kompyuta madaftari ya vituo vya kulelea yatima. Majina aliyaandika kwa kufuata tahajia ya kamusi, tena kwa kujivunia. Ndipo, vuli ya mwaka juzi, Dashnyam alipofika kutoka jimbo la Dundgobi, kofia mkononi, akimtafuta dada yake aliyechukuliwa akiwa na miaka mitano, mama yao alipokufa. Norjmaa aliliandika jina kama lilivyotoka mdomoni mwa mzee, kwa *o*. Mashine haikuleta kitu. Akarudia. "Hayumo, baba," akasema. Mzee alishukuru, akamwachia kifuko cha jibini kavu, akarudi kwa mbuzi wake.

Wiki iliyopita, akipitia kurasa kwa macho ili kusahihisha makosa, Norjmaa alimwona. Odval mtoto wa Lkhamjav, miaka mitano, kutoka Dundgobi. Kutoka hapo ilikuwa kazi ya alasiri moja tu: cheti cha ndoa, mtaa, namba ya simu. Aliyepokea simu alikuwa binti wa Odval.

"Yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Alifariki, baba. Mwaka huu, siku tatu baada ya Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya."

Midomo ya mzee ilichezacheza, akihesabu miezi.

"Basi nilipokuja alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Mimi ndiye niliyelichapa jina, na mimi ndiye niliyekutafutia."

Afadhali mzee angefoka. Alitoa kichupa chake cha ugoro, akasahau kukifungua, akakirudisha kifuani.

"Alikaa mbali?"

"Vituo sita vya basi kutoka hapo nje."

"Sita," mzee akasema. "Siku ile nilishinda sokoni nikiwachagulia wajukuu viatu."

Walipanda basi pamoja kwenda nyumbani kwa Odval. Kituo cha sita kilikuwa chini ya kilima chenye nyua za mbao na mahema meupe, hewa nzito kwa moshi wa makaa. Mzee alipanda polepole, akisimama kila baada ya nyua mbili tatu, na kila Norjmaa alipotaka kumshika mkono aliuondoa taratibu, bila chuki.

Mwanamke wa makamo alifungua lango, aproni imejaa unga. Ndiye aliyepokea simu, jina lake Solongo. Alikuwa ameandaa maneno, ilionekana. Lakini alipomtazama mzee usoni aliziba mdomo kwa mkono wenye unga.

"Pua," alisema mwishowe. "Pua ya mama kabisa." Kisha, kwa sauti ndogo: "Ingia ndani, mjomba. Baridi hii."

Mzee alivuka kizingiti. Norjmaa alibaki langoni. Hakuna aliyemwambia aingie, wala aliyemwambia aondoke. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Solongo akileta bakuli la chai ya maziwa kwa mikono miwili, na mzee, badala ya kulipokea, akamshika viganja akavikumbatia pamoja na bakuli lenyewe, chai ikiwamwagikia wote wawili.

Kisha mtu akaufunga mlango kuzuia baridi. Kwenye bomba la bati la jiko, juu ya paa, moshi ulikuwa mwembamba. Punde makaa yaliongezwa jikoni, ukawa mzito, mweusi, ukapanda wima.