Swichi Iliyobaki Thelathini

Jana mchana, siku ya tatu ya msiba wa dada yangu Naelijwa, nilijilaza kwenye benchi la karakana yangu ya kutengenezea redio, nikaota naamshwa na mashine ya kupimia mawimbi ya redio.

Ilikuwa imejifunga khanga kiunoni kama wanawake wa jikoni.

"Mbonea, amka," ikasema. "Dada yako anaita."

"Dada yangu tumemzika juzi."

"Hilo mimi silijui. Kazi yangu ni kupokea kinachoingia."

Niseme mapema, kwa sababu msibani sikuwa nimemwambia mtu. Naelijwa alikuwa muuguzi wa zahanati ya bondeni, ng'ambo ya mto, na kila asubuhi saa tatu aliniita kwa redio ya upepo. Nami nilikuwa nachomeka antena kwenye mashine hii, namsikiliza. Mashine ina swichi ya kupunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia. Ukipima mtambo mkubwa wa redio unaiweka thelathini ili mashine isiungue. Ukitaka kusikia sauti ndogo unairudisha sifuri. Jumatano nilipima mtambo wa watu wa mgodi, nikasahau kuirudisha. Alhamisi saa tatu nikasikia upepo mtupu. Nikajisemea, katoka zamu, amelala. Nikaenda zangu kunywa chai. Jioni ile ile tumbo likamuua, na gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa huku mjini kutwa nzima, hatua chache kutoka karakana yangu. Tangu hapo mama ana swali moja tu: kwa nini mwanangu hakupiga redio?

Basi, kwenye ndoto nawasha kioo cha mashine. Ndani wamejipanga waombolezaji wote, wa Usangi kushoto, wa Hedaru kulia, wanaongea kwa pamoja. Naelijwa simwoni.

"Rudisha sifuri," mashine inasema.

Nashika swichi. Katikati ya kioo kasimama Mjomba Senkondo, kaka yake mama, ambaye anahutubia tangu juzi. Kichwa chake kinagusa ukingo wa juu.

"Ngoja!" mashine inapiga kelele. "Huyo akiingia hivyo alivyo ataniunguza. Mtoe kwanza."

"Mjomba, naomba utoke nje kidogo."

"Mimi? Mkubwa wa shughuli hii?"

"Ni kwa ajili ya mitambo, mjomba."

"Kama ni mitambo, sawa." Anaikunja hotuba yake, anaitia kwapani, anatoka.

Narudisha sifuri.

"Sasa punguza upana wa masafa ninayosikiliza."

Nazungusha. Kuta za karakana zinasogea. Wa Usangi wanatoweka mmoja mmoja, kila mtu akinipa pole kwanza. Kisha wa Hedaru. Kisha viti vya kukodi na masufuria. Karakana inabaki na upana wa mlango, nami nasimama kiubavu.

"Sasa subiri," inasema mashine. "Ukishapunguza upana, kusubiri kunaongezeka. Ndivyo tulivyoundwa."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Siku ile hukusubiri hata dakika mbili."

Nalia. Mashine inanipa pindo la khanga yake nifute machozi, kisha inalikung'uta vizuri na kulirudisha.

Maji yananiingia viatuni. Tuko mtoni, na benchi letu, kwenye kivuko cha kwenda bondeni. Maji hayatiririki. Nayo yanasubiri.

Kwenye kioo kinainuka kijiti kimoja cha mwanga, chembamba, kama jani la nyasi.

"Mbonea, Mbonea, unanipata?"

Ni yeye. Anaongea kwa kukatakata, kama mtu aliyejikunja.

"Tumbo limenishika tangu alfajiri. Niitie gari, mdogo wangu. Unanipata?"

"Nakupata, dada! Nakupata! Gari linakuja!"

"Usijichoshe," mashine inasema kwa upole. "Mimi nina mlango wa kuingilia tu. Wa kutokea sikupewa."

Naizunguka, naikagua ubavuni, chini, nyuma. Kweli haupo. Naweka mdomo kwenye tundu la antena napiga mayowe, nisamehe, dada, nisamehe, na mashine inanivumilia tu.

 Naelijwa anacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Naona uko kwenye chai. Haya, kunywa. Nasubiri."

Kijiti kikalala.

Nilipoamka mashine ilikuwa imezimwa na haina khanga. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kakumbatia mkoba wa Naelijwa ulioletwa asubuhi na mganga wa zahanati. Hakuna aliyekuwa ameufungua mpaka saa hiyo. Mkononi alishika daftari la miito ya redio, ndiyo kwanza amelitoa humo.

"Miwani yangu siioni, baba," akaniambia. "Hebu nisomee. Mara ya mwisho aliandika nini?"

Nikafungua ukurasa wa Alhamisi. Mwandiko ulikuwa wake, ila mistari ilikuwa imelala upande.

*Saa 3:10. Nimemwita Mbonea. Yuko kwenye chai. Nasubiri.*

Habari ya ile chai sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Chini yake: *Saa 4. Nasubiri.* Chini yake tena: *Saa 5. Nasubiri.*

"Mbona husomi?" mama akauliza.

Nikamsogezea kigoda.

"Alipiga, mama," nikasema. "Kaa nikusomee."