Kikohozi cha Tusekile

Veneranda alimsubiri mkaguzi wa usalama kazini kwa miezi minane. Barua tatu za kumwita aliziandika mwenyewe, maana wenzake kwenye karakana ya kuranda mbao hapo Mafinga walimchagua mwakilishi wao wa usalama, cheo kisicho na faida yoyote ila lawama. Feni ya kufyonza vumbi ilikufa tangu Pasaka. Bosi wao, mzee Fanueli, aligawa barakoa za kitambaa, moja moja, akajiona kamaliza kazi. Watu kumi na wanne wakaendelea kula vumbi. Walikubaliana kwamba mkaguzi akija, atakayeulizwa aseme ukweli.

Wa kuulizwa alijulikana. Tusekile alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Veneranda ndiye aliyempokea alipotoka Mbeya, akamwombea kazi, akampa chumba nyumbani kwake. Wengine aliwatilia shaka, huyu hapana.

Siku ya ukaguzi Fanueli aliamuru mashine zizimwe na sakafu imwagiwe maji, vumbi lisionekane. Mkaguzi, kijana mpole mwenye faili, akasimama mbele ya Tusekile.

"Dada, hicho kikohozi kimekuanza lini?"

Tusekile alitazama chini. "Hiki si cha hapa, mheshimiwa. Ni moshi. Nakaa kwa dada Veneranda, jiko lake la kuni halina hata dirisha."

Uso wa Veneranda uliwaka. Jiko lenyewe lilikuwa nje, bati juu ya nguzo nne, na baridi yote ya Mufindi inapita hapo itakavyo! Alifungua mdomo, lakini kalamu ilishaandika. Aliyefuata akasema hana tatizo. Wa tatu vilevile. Nani ajitie kimbelembele wakati mgonjwa mwenyewe kakana? Veneranda alieleza habari ya feni mpaka koo likamkauka. Fanueli akajibu kwa upole kwamba fundi yuko njiani, na hilo nalo likaandikwa. Kabla ya kuondoka, mkaguzi alimshauri Veneranda kiungwana kabisa ajenge jiko lenye bomba la moshi.

Saa ya kutoka Tusekile alimfuata getini.

"Dada, usinichukie. Bosi ananihamishia ofisini kuanzia kesho. Daktari aliniambia nikae mbali na vumbi. Ningefanyaje?"

"Ungesema ukweli, tukapona wote."

"Au tukafukuzwa wote."

Veneranda akapita getini. Uongo angeweza kuusamehe. Kilichomkata maini ni kwamba asubuhi ile walipoongozana kuja kazini, wakicheka njia nzima, Tusekile alishajua atakachosema.

Kesho yake mashine zilipowashwa, Tusekile alisimama ofisini akahangaika na dirisha linalotazama karakana, maana lilikuwa halijafungwa siku nyingi. Alilisukuma kwa mikono miwili mpaka likafungika, vumbi lao lisimfikie.