Rua Amevuka, Narpat Amebaki

Ndoo ya tatu ya maji ilikuwa imeshapoa, na Narpat alikuwa bado amepiga goti kwenye nyasi kavu, akisugua kwato za nyuma za Rua kwa mswaki uliokwisha meno. Farasi alisimama kwa mguu mmoja uliolegea, kichwa chini, akimpumulia shingoni.

"We Pat, utamchubua ngozi!" Noel, dereva wa lori, aliegemea mlango wa banda na kikombe chake cha chai. "Anaenda kukimbia, haendi kuolewa."

"Atatazamwa na watu elfu sitini. Hawezi kwenda na tope la huku Carlow visiginoni."

"Cheltenham wana tope lao. Atapewa bure."

Jina lake hasa lilikuwa Narpat Singh. Siku ya kwanza tu Noel alikata kichwa cha jina akabakiza Pat, na kijiji kizima cha Kilcorran kikafuata. Ilikuwa miaka sita sasa. Katika hiyo, minne aliimaliza na huyu jike mwekundu, tangu aliposhushwa kwenye lori akiwa na miaka mitatu, anatetemeka, anauma kila mkono unaomkaribia. Magazeti yalimwita Gráinne Rua. Mwezi huu wa Machi kila mtu Ireland aliyekuwa na kalamu na karatasi alikuwa ameandika jina hilo kwenye mbio za viunzi za majike, siku ya kwanza ya mashindano makubwa ya Cheltenham, Uingereza.

Na kuna desturi moja ambayo haikuandikwa popote, ila kila zizi la nchi ile linaijua. Anayemlisha farasi ndiye anayemwongoza. Kabla ya mbio, mbele ya umati, kamba iko mkononi mwake. Farasi akishinda, yeye ndiye anayemrudisha, katikati ya makofi, na kwa dakika tano hakuna tajiri wala mkufunzi anayemzidi kimo. Narpat alikuwa ameziona dakika hizo tano kwenye televisheni miaka sita mfululizo. Mkewe Kesar, kule India, kijijini karibu na Barmer, alishawatangazia majirani. Mwalimu wa shule angefungua simu yake uani, watu waketi, wamwone mtu wao akitembea na farasi mwekundu kwenye majani mabichi kuliko majani yoyote waliyopata kuyaona.

Kilichobaki ni pasipoti.

Pasipoti ilikuwa Dublin, kwa wakala wa viza, wiki ya saba sasa. Kuvuka kwenda Uingereza kulitaka viza, viza ilitaka barua ya mwajiri, na barua ya mwajiri ilitakiwa Desemba. Bwana Dowling, mkufunzi na mwajiri wake, aliisaini mwisho wa Januari. Desemba ilikuwa na mbio nyingi, alisema, na mezani kwake karatasi za farasi hutangulia.

Saa tatu asubuhi Narpat aliingia chumba cha matandiko, akafunga mlango, akampigia simu wakala. Alisikiliza muziki wa kinanda kwa dakika arobaini na moja. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, laini, iliyochoka.

"Ombi lako linashughulikiwa, bwana."

"Mama, lori linaondoka saa kumi leo."

"Lori gani?"

"La farasi."

"Bwana, sisi hapa tunashughulikia maombi ya watu."

"Mimi ndiye mtu. Ya farasi imekwishatoka."

"Basi subiri ujumbe. Utakuja kwenye simu yako. Kuna jambo jingine naweza kukusaidia?"

Narpat alitazama hatamu zilizotundikwa ukutani, zinang'aa kwa mafuta aliyozipaka jana. Alishukuru, kwa kuwa mama yake alimfundisha kushukuru, akakata.

Saa nane gari la vifurushi liliingia uani. Noel alilifikia kabla halijasimama. "Pat! Bahasha! Ya serikali hii, naijua kwa ubahili wa karatasi!"

Narpat alitoka mbio akijifuta mikono kwenye suruali. Noel alikuwa keshaichana. Alisoma mstari wa kwanza, kisha uso wake ukafungika. Ilikuwa hati ya afya ya Rua, mihuri minne, iliyopelekwa Jumanne ikarudi Ijumaa. Noel, ambaye alitania hata kwenye mazishi ya baba yake, aliikunja polepole akaitia mfukoni bila mzaha.

Bwana Fintan Dowling alishuka kutoka nyumba kubwa akiwa amevaa koti la safari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na haraka yake ilikuwa ikiwakanyaga wengine bila yeye kuhisi kitu mguuni.

"Basi tena, Pat. Imeshindikana. Ciara atakwenda naye."

Ciara alikuwa mpwa wake, mwanafunzi wa chuo, binti mpole mwenye mikono mizuri. Narpat hakuwa na ugomvi naye.

"Bosi, unamjua Rua. Akilala ugenini peke yake anazunguka. Anazunguka banda usiku kucha, mpaka kunakucha. Asubuhi mbavu zinahesabika."

"Ciara atakuwa naye."

"Ciara atalala hotelini. Mimi hulala mlangoni kwake. Naongea naye. Akinisikia ndipo anasimama. Kwenye mbio za Fairyhouse alikwenda na Ciara, ikawaje?"

"Fairyhouse ardhi ilikuwa imekauka. Huyu anataka ardhi laini."

"Na Navan?"

"Navan ilikuwa laini kupita kiasi."

Watu wa pale wakishindwa hulaumu ardhi, wakishinda huisifu ardhi. Mtu anaweza kumpoteza mke, na jirani akamuuliza siku ile udongo ulikuwaje. Katika mbio kumi na moja Rua alikuwa ameshindwa mbili tu. Novemba, Fairyhouse, Narpat alikuwa kitandani na homa. Februari, Navan, alikuwa Dublin kwenye foleni, akichukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza hiyohiyo. Alimweleza bosi mara zote mbili. Bosi alitikisa kichwa, akaandika daftarini: ardhi.

"Sasa sikiliza," Dowling alisema akiangalia saa. "Leo jioni kuna ile Jioni ya Kubashiri ukumbini. Mimi nitakuwa bandarini. Nenda wewe. Wenye farasi watakuwa mstari wa mbele. Watakuita juu, useme yuko fiti, anakula vizuri, basi. Dakika moja. Unaweza?"

Kibali cha kazi cha Narpat kilikuwa na jina la Dowling juu yake. "Naweza, bosi."

Saa kumi kasoro walimpandisha. Rua alifika katikati ya ngazi ya lori, akasimama, akageuza shingo yote nyuma kumtafuta. Ciara alivuta kamba. Hakusogea. Ikabidi Narpat apande naye hadi ndani, amfunge kwa mkono wake, kisha ashuke bila kutazama nyuma, kama mtu anayemwachisha mtoto ziwa.

"Nitaongea naye njiani," Noel alisema kutoka dirishani.

"Wewe unaongea kama redio. Utamchanganya."

"Basi nitaongea polepole. Huwa unamwambia nini, Pat?"

Narpat alifikiri. Alikuwa akimwambia kwa Kimarwari, lugha ya kwao, habari za kisima cha babu yake, na za farasi wa huko kwao ambao ncha za masikio yao hukutana juu kama watu wawili wanaonong'onezana. Alikuwa akimwambia Kesar amepika nini. Kwa miaka minne hakuna kiumbe ng'ambo hii ya bahari aliyeyajua mambo yake yote isipokuwa yule jike.

"Habari tu," alisema.

Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakaegemea madirishani. Kiingilio kilikuwa cha kutengeneza paa la klabu ya vijana, ila paa halikuwa limemleta mtu. Walikuja kusikia nani atashinda. Jukwaani, mezani, walikaa mwandishi mmoja wa gazeti na mpanda farasi mstaafu aliyevunjika pua mara tatu. Wa tatu alikuwa Mossie Hanlon, mwenye duka la kamari, na nyuma yake ubao mweusi na chaki. Kila farasi alikuwa na bei yake pale, ndogo kwa anayetarajiwa kushinda. Rua alikuwa mbili kwa moja: weka yuro kumi, ukishinda uvune ishirini.

Tadhg, mwalimu, ndiye aliyeshika kipaza sauti. "Mbio za majike! Nani anabisha?"

"Sibishi," mwandishi alisema. "Gráinne Rua. Mvua imenyesha wiki nzima kule, ardhi ni yake. Sahau Fairyhouse."

"Mimi nimeshatandika," alisema mpanda farasi mstaafu. "Mikeka yangu yote sita imeanzia kwake."

"Na mimi mkiendelea hivi nitafunga duka," Mossie alisema. Ukumbi ukacheka, kalamu zikaandika.

Kushoto kwa Narpat aliketi bibi mmoja, Breda, aliyeishi peke yake karibu na daraja. Alikuwa akiandika nyuma ya bahasha ya sadaka. Alimsogelea. "Pat, mwanangu. Nataka kumwekea pensheni ya wiki hii yote. Nikipata, nabadilisha jiko la mafuta la kupasha nyumba joto. Lile limenishinda, baridi yote hii nalala na koti."

Kabla hajamjibu, Tadhg alimwita. "Sasa tumsikie mtu anayemjua kuliko sisi wote! Pat, panda huku!"

Walimpigia makofi. Narpat alipanda, akapewa kipaza sauti, akasikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye kuta. Mstari wa mbele wenye farasi walitabasamu.

"Yuko fiti," alisema. "Anakula vizuri."

Makofi tena. Tadhg alinyoosha mkono apokee kipaza sauti. Ilikuwa imekwisha, dakika moja kama alivyoagizwa. Narpat alimwona Breda ameinamia bahasha yake, akiikoleza namba kwa wino.

"Lakini hatashinda," alisema.

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Ameshindwa mara mbili. Nyinyi mnasema ardhi. Fairyhouse mimi nilikuwa na homa. Navan mimi nilikuwa Dublin, napigwa alama za vidole. Zile tisa alizoshinda nililala mlangoni kwake usiku kabla ya mbio. Haikuwa ardhi. Ni mimi sikuwapo. Na Jumanne sitakuwapo."

"Jamani!" mtu alipaza sauti kutoka dirishani. "Kumbe anayekimbia ni Pat!"

Wachache walicheka. Mwandishi wa gazeti hakucheka. Alikuwa akifunua kitabu chake cha kumbukumbu, kidole kikishuka kwenye tarehe, Novemba, Februari, kikarudi juu. Alivua miwani.

"Dublin ulikwenda Februari tarehe ngapi?"

"Tisa. Nina karatasi yao."

Mwandishi alimgeukia Mossie, na Mossie hakuhitaji kuambiwa. Alisimama, akafuta mbili kwa kiganja, akaandika tano.

Narpat aliitazama namba ile. Miaka sita alikuwa akilipwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa, na hakuna aliyewahi kumwambia uwepo wake una uzito gani. Sasa ulikuwa umeandikwa kwa chaki mbele ya watu mia mbili. Bwana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye fungu katika Rua, alisimama uso umemwiva. "Fintan anajua haya?"

"Nilimwambia mara mbili, bwana."

Ukumbi ukalipuka. Karatasi zilichanwa, simu zikatolewa, watu wakapigiana kelele juu ya viti. Breda aliikunja bahasha yake akaitia kifuani. Narpat alibaki jukwaani na kipaza sauti, akisubiri. Jibu alikuwa nalo tayari, amelipanga tangu asubuhi: barua iliyochelewa, wiki saba, muziki wa kinanda. Lilihitaji mtu mmoja tu aulize kwa nini hakwenda.

Tadhg alipiga makofi kutuliza watu. "Taratibu! Taratibu, tuna swali moja muhimu kwa Pat kabla hajashuka!"

Narpat aliinua kipaza sauti hadi mdomoni.

"Yule jike wa Ufaransa, mpinzani wa Rua, Pat. Unamwonaje?"

Kalamu mia mbili zilisimama juu ya karatasi.

"Simjui," Narpat alisema. "Mtafuteni anayemlisha. Muulizeni kama yeye amepewa ruhusa ya kuvuka."

Walicheka sana, maana walidhani ni utani, na wengine waliandika jina la Mfaransa wakiwa bado wanacheka. Narpat alikilaza kipaza sauti mezani, kikapiga mlio mkali uliowafanya wazibe masikio. Akashuka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro robo. Kule bandarini Rosslare, feri ilikuwa inafunga mlango wake.