Mkono Uliobaki Begani

Programu ya kuhariri picha aliyokuwa nayo fundi ilikuwa ile ya bure, na vifaa vyake vyote vya maana vilikuwa na alama ya kufuli. Cha kufutia watu kilikuwa na kufuli. Cha kurudi nyuma kilirudi hatua moja tu, tena kwa shingo upande. Lakini fundi alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja kwenye kile chumba cha duka lake chenye kompyuta moja, mashine ya kuchapia na pazia la bluu, na alikuwa amejifunza kupita pembeni. Mteja akitoka amefumba macho, alimkatia macho yake mwenyewe kwenye picha nyingine, akambandika. Picha ikikaa upande, aliichapa, akaipindisha kwenye skana, akaiingiza upya. Na mtu asiyetakiwa alimfunika kwa vipande vya pazia, vyembamba kama utepe, kimoja baada ya kingine, mpaka pabaki pazia tupu.

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa akimfunika mdogo wake.

Picha ilipigwa siku mama yao alipotimiza miaka sabini. Mama ameketi katikati. Kando yake ameketi mke wa kaka yao mkubwa, ndani ya gauni la maua lenye mikono mifupi, na kaka mwenyewe amesimama kifua mbele utadhani nyumba ni yake peke yake. Nyuma ya mkewe amesimama kitinda mimba wa familia, mkono wa kulia begani kwa wifi yake. Miezi miwili baadaye kitinda mimba alimpeleka wifi hospitali akiwa amevunjika mkono. Wifi akamwambia daktari kwamba ameanguka kwenye ngazi. Kitinda mimba akasema ngazi hiyo ni kaka yake. Kaka alipopata habari alisema kitinda mimba ameuvua nguo ukoo mzima, akalitoa sanduku la huyo mdogo nje, na hakuna aliyelirudisha ndani. Fundi alikuwepo siku hiyo, ameshika kikombe cha chai.

"Jumapili nina wageni," kaka alisema alipoleta picha. "Nataka kubwa, ya sebuleni. Huyo mtoe."

"Kaka, programu yangu haina kufuta."

"Wewe hushindwi. Utajua la kufanya."

Akajua. Kufikia saa saba mchana kitinda mimba alikuwa amegeuka pazia, isipokuwa mkono. Ulikuwa umekaa juu ya yale maua, na kwenye gauni lile hapakuwa na ua lililofanana na lingine. Kila alipoufunika, bega la wifi liliharibika likawa la mtu mwingine. Mara ya nne alibonyeza kuhifadhi kwa bahati mbaya, na kwa programu ya bure ukishahifadhi ndiyo basi. Picha ya mwanzo hakuwa ameiweka akiba. Aliutazama ule mkono akaona aibu, kwanza ya kazi mbovu, kisha ile nyingine, ya kikombe cha chai.

Alasiri hiyohiyo, nyumbani, mkono ulikuwa begani kwa wifi mwenyewe. Uliishia kwenye kifundo, safi, bila damu, na ulikuwa na joto lake. Wifi alikuwa akianika nguo. Aliutambua kwa lile kovu la pasi kwenye kidole gumba, akaendelea kuanika. Tangu siku hiyo alivaa nguo zenye shingo pana ili usibanwe. Mama alipouona aliupaka mafuta mpaka kwenye kucha. "Angalau amebaki kidogo," akasema, akaenda kujilaza.

Kaka alikuja dukani amekunja uso. "Umeniachia mkono."

"Nilikwambia programu ni ya bure."

Alifikiri kidogo, akasema wageni watadhani ni mkono wa mama. Jumapili wageni walikuja, wakala, wakaisifu fremu.

Mdogo mtu alipiga simu Alhamisi. Alikuwa amepata kazi ya kushona mashuka katika mji mwingine.

"Dada, mkono wangu wa kulia uko huko?"

"Uko huku. Uko kwa wifi."

"Unafanya nini?"

"Umemshika tu."

"Basi uacheni hapohapo. Mkasi nimeanza kuuzoea kwa kushoto."

Fundi alitaka kumwambia arudi, kwamba safari hii angesimama naye mlangoni. Badala yake akamuuliza kama huko kuna baridi.

Mwezi uliofuata wifi aliingia dukani amevaa lile gauni la maua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevilia damu kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na saa.

"Wifi," alisema, "huu mmoja unanishika vizuri, lakini haumzuii. Huwezi kumrudisha mwenyewe, mzima?"

"Nikishahifadhi, programu hairudi nyuma," fundi alisema. Kuhusu programu, hilo lilikuwa kweli.

"Basi nirefushie mikono ya gauni. Kesho tuna kikao shuleni kwa mtoto."

Hilo fundi aliliweza. Alifungua ile picha ya mama kutimiza miaka sabini, akakata vipande kwenye pindo la gauni, akavipanga kwenye mikono mpaka vikafika kifundoni. Alipohifadhi, gauni alilovaa wifi lilikuwa fupi kwa vidole vinne chini, na mikono yake ilikuwa mirefu.

Hapo kiganja kikatoka begani. Kiliteremka taratibu, kikashika ncha ya kitambaa na kukikunja vizuri mpaka kwenye kiwiko, jinsi kitinda mimba alivyozoea kukunja nguo. Jeraha likaonekana. Wifi akakikunjua kitambaa. Kiganja kikakunja tena. Walifanya hivyo mara tatu bila kugombana.

Fundi aliinuka. Alichomoa pini mbili zilizoshikilia pazia, akakibana kitambaa kifundoni kwa wifi. Moyo ulimuuma sana, na vidole vyake vikaendelea kubana. Kiganja kilipapasa zile pini, kikashindwa kuzifungua peke yake. Kisha kikavishika vidole vya fundi, kikavishika muda mrefu kidogo, kikarudi begani.

"Linaonekana?" wifi aliuliza.

"Halionekani."

Wifi akatazama saa, akasema kaka hurudi saa kumi na moja, akatoka.