Tawi la Kupumulia

Utenzi wangu ulikuwa na beti themanini, na nilikuwa nimeapa kwamba ungesomwa kanisani Kanyakine Jumapili ya vijana. Mizani sikufundishwa na mtu. Nilizihesabu mwenyewe kwa vidole. Basi mzee wa kanisa aliponiambia, "Kiunga, Mwalimu Ntinyari asipokubali, hausomwi," nilipanda kwake Ijumaa nikiwa nimeshakasirika.

Mwalimu Ntinyari alifundisha Dini miaka thelathini na miwili katika shule ya Kaaga. Sasa analima kahawa, na vitabu vyake vimepangwa stoo, juu ya magunia. Teolojia yote niliyo nayo niliipata humo, na mpangilio bora kuliko wake sijauona popote. Kwanza konkodansi na kamusi ya Maandiko. Halafu ufafanuzi wa injili moja tu, polepole. Halafu mababa wa kanisa. Hadithi za mafumbo huja mwisho kabisa. "Ukianza na mafumbo," husema, "utaona shetani ndani ya kila mbuzi."

Na hakupi kitabu cha pili mpaka umsimulie cha kwanza kwa Kimeru, kikiwa kimefungwa. Usipoweza, kwake hukukisoma. Wenye digrii wamerudishwa nyumbani, kitabu kilekile kwapani. Mimi nimepita mara kumi na moja.

Nilimsomea utenzi nikiwa nimesimama. Mwenye Shamba anashuka na malaika wake, anakuta mti wa mkahawa usiozaa misimu mitatu, anaung'oa na kuutupa motoni. Alisikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba.

"Sauti unayo," alisema. "Sasa funga daftari. Nisimulie kwa Kimeru."

"Utenzi wangu mwenyewe, Mwalimu?"

"Kwani ni wa jirani?"

Nilianza kwa kishindo. Nilipofika kwenye kung'oa, maneno yalikwama. Kwa Kiswahili mti ule ulikuwa hukumu. Kwa Kimeru ulikuwa mkahawa wa mama, na kwetu hakuna anayeng'oa mkahawa kwa sababu umechoka. Unakata shina kuukuu usawa wa goti, unaacha tawi moja la kupumulia, ili mizizi isife kabla ya machipukizi. Nimekata mikahawa hivyo kwa msumeno tangu darasa la tano!

"Mbona kimya?"

"Mwenye Shamba wangu hajui kulima."

Alicheka mpaka miwani ikateleza puani. "Umemfanya Mungu mtu wa ofisini, kijana! Miaka yote hii nakusomesha neema, nawe unamletea jembe la kung'olea?"

Nilitaka kubisha. Huwa nabisha. Lakini mwanamke huyu alikuwa amenionyesha kosa langu bila kuligusa, nikamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu. Nilichana kurasa tisa mbele yake.

"Jumapili utasoma," alisema, "ukimaliza."

Nilimaliza Jumamosi jioni. Kesho yake nikasimama mbele ya kanisa lililojaa:

*Msumeno wapitia,*
*Tawi moja labakia,*
*Mizizi kuilishia,*
*Hadi chipukizi lije.*

Mzee Kathuri, ambaye hulala kila ibada, aliinuka kutoka benchi la nyuma.

"Wewe! Hilo tawi liliachwa upande gani?"

Watu wakageuka. Mwalimu Ntinyari alinitazama, hakunisaidia.

"Upande jua linakochomoza, mzee, lipate mwanga wa asubuhi."

"Haya," alisema Kathuri, akiketi. "Huyo ni mkulima. Endelea, tumsikie."