Msalaba Umefika Mtulingani

Lori la kwanza lilimwaga magunia saa kumi na mbili asubuhi, na Fawziya alikuwa ameshakaa sakafuni, mguu mmoja ameukunja, glasi ya chai ameiweka juu ya debe. Plastiki ngumu kushoto, laini kulia, makopo nyuma, mabaki ya chakula kwenye karai la nguruwe. Hakuna mwanamke aliyemshinda kwa kasi katika kichochoro kile cha wazoa taka wa Kairo, chini ya mlima Mukattam. Kwenye gunia la nne sindano ilimchoma kidole. Aliichomoa, akaitupa kwenye bati la samli alimokusanyia nyingine, akafungua kifungo cha juu cha gauni ili atazame. Msalaba wake ulikuwa umesogea upana wa kidole kimoja, kama kawaida. Sasa ulikuwa umefika mtulingani.

Mtoto wa Kikopti, wa Wakristo wa Misri, huchorwa msalaba wa wino ndani ya kifundo cha mkono wa kulia, siku ya sikukuu ya mtakatifu, huku akilia na kupewa peremende. Kwa watu wa mitaa yenye lifti hubaki hapo hapo mpaka wanazikwa nao. Kwa wazoa taka ulipanda. Kila sindano ya hospitali iliyomchoma mtu ndani ya gunia iliusogeza kidole kimoja, ukapita kiwiko, ukapita bega, ukateremka kifuani. Ukikaribia moyo, macho ya mtu yalikuwa yameshakuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Ukifika moyoni, padri wao, Abuna Mityas, aliitwa kuzika. Wanawake waliulizana kwenye foleni ya mikate, "Wako umefika wapi?" kama watu wanavyoulizana miezi ya mimba.

Wa Makari, kifungua mimba wa Fawziya, ulifika moyoni mwaka juzi. Aliyebaki ni Dimyana, miaka kumi na mitatu, aliyeacha shule baada ya Pasaka akaanza kuchambua magunia pamoja na mama yake. Wake ulikuwa umeshapanda vidole vitatu. Fawziya alitaka kitu kimoja tu duniani, sindano zisije tena ndani ya magunia.

Zilikotoka kulijulikana. Zilikuja na karatasi zake, zimeandikwa kwa rangi ya buluu jina la hospitali ya Daktari Wisa Ramzi. Huyo Daktari Wisa ndiye aliyekuja kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi na watu wa misheni wa kanisa lake la upande wa matajiri, wakileta mafuta ya kupikia, mablanketi, neno la Mungu na madaktari tisa. Alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe bila kejeli. Alipiga magoti kwenye vumbi kuwavisha wazee viatu. Ndiyo maana hakuna aliyemwambia. Mtu amekuletea mafuta miaka sita, utaanzia wapi kumwambia kwamba ndiye anayekuzika?

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza, na Fawziya alibeba bati la sindano mpaka kanisani. Getini hakupita mtu bila kuonyesha msalaba mkononi, kwa usalama, ili waingie Wakristo tu. Mlinzi alikuwa Abanub, mtoto wa mdogo wake.

"Mkono, mama mkubwa."

Ulikuwa mtupu. Fawziya akaanza kufungua kifungo cha gauni.

"Usinivulie nguo hapa, watu wanaangalia. Nimeambiwa mkononi."

"Mavi yako nimeyaosha mimi, Abanub."

"Najua. Ila wako umehama, nami kazi naitaka."

Abuna Mityas alipita na chetezo chake, akamshika Fawziya mkono wa gauni akamwingiza. Nusu ya waumini aliwaingiza hivyo kila wiki. Wake mwenyewe ulikuwa kwenye kiwiko, maana alizaliwa mtaani pale.

Ukumbini, Fawziya alimimina sindano juu ya meza ya daktari. Daktari Wisa alisoma maandishi ya buluu, akavua miwani, akasoma tena. Kisha akaomba kuuona msalaba, akaweka juu yake kifaa chake cha kusikilizia mapigo, akausikiliza kwa muda mrefu.

"Vimebaki vidole vitano, Mama Makari."

"Vinne. Nimepima leo."

Akapima tena. Vilikuwa vinne.

"Daktari, mimi nimeshakwisha, sikudai kitu. Nina mtoto. Ziwekeni kando tu. Ndoo moja yenye mfuniko, basi."

"Si rahisi hivyo, mama. Kuna kamati, kuna mkataba wa taka, siko peke yangu pale. Nitalifikisha."

"Lini?"

"Niombee," alisema daktari, akalia.

Kilikuwa kilio cha kweli, mabega yakitikisika, mpaka Fawziya akajikuta anampa ncha ya mtandio wake ajifute na kumwambia Mungu yupo. Moyoni alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Daktari alipotulia aliuliza kama kuna jambo lolote analoweza kulifanya leo leo. Mmoja wa watu wa misheni akataja taabu ya pale getini. Uso wa daktari ukachangamka. Hilo, alisema, liko ndani ya uwezo wetu.

Mchoraji aliletwa kabla ya saa nane. Wanawake walipanga foleni wakachorwa misalaba mipya mikononi, bure, kila mmoja na blanketi lake, na watu wa misheni wakaimba vizuri sana. Dimyana alikuwa wa kwanza. Daktari mwenyewe alimpaka spiriti, akamfungulia mchoraji sindano safi kutoka kwenye karatasi yenye maandishi ya buluu, na kila mtu akapata yake, maana alikuwa makini na usafi. Zilizotumika wahudumu walizifagia pamoja na vikombe vya chai. Jioni, kwenye sala, Abanub alipitisha watu wote bila neno.

Jumamosi asubuhi gunia la kwanza kufunguliwa lilikuwa la ukumbi wa kanisa. Dimyana aliingiza mkono akautoa haraka. Sindano iliyoning'inia kwenye kidole chake bado ilikuwa na wino. Msalaba wa zamani ulisogea kidole kimoja, na mpya ukaondoka kifundoni ukaufuata.

"Mama, na huu nao unaondoka," alisema Dimyana.

Fawziya aliitazama yote miwili. Akaichukua sindano, akatafuta pa kuiweka, akakumbuka kwamba bati lilibaki kwa daktari. Akaiweka kwenye mfuko wa gauni lake na kumwambia mtoto aendelee, kwani lori la pili lilikuwa limeshaanza kupanda kilima.